Swali Lisilotaka Jibu

Nilikuwa hodari wa tamathali za semi. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi tu, nikifundisha shule ya msingi ya kwetu, upande wa Kolandoto. Tashibiha, sitiari, tafsida, balagha: watoto walizikariri kwa kuimba, nami nikipita katikati ya madawati na chaki yangu, najiona mtu. Balagha, niliwaambia, ni swali lisilohitaji jibu.

Miaka ile ya sabini tulitakiwa kuhamia kijiji kipya, na bwana mmoja akaja kutoka wilayani kutuhutubia. Wazee wengi hawakujua Kiswahili, hivyo niliitwa nimtafsirie kwa Kisukuma. Nilifurahi, na furaha ile hadi leo naionea aibu.

Bwana akapaza sauti: "Nani hapa hataki maendeleo? Nani anataka kubaki porini na nyani?"

Nikatafsiri neno kwa neno, swali likabaki swali. Kwetu mgeni akiuliza, kumnyamazia ni kumdharau. Aliye mkubwa kati ya wenye kaya huinuka kumjibu. Mkubwa pale alikuwa baba yangu. Akainuka, akavua kofia, akasema kwa heshima zote: "Mimi, bwana mkubwa. Mimi nitabaki. Wazazi wangu wamezikwa zizini kwangu, kama desturi yetu ilivyo, na ng'ombe wangu wana malisho niliyowatunzia kwa kiangazi."

Hakuna aliyecheka. Bwana akanigeukia nimwambie mzee amesema nini. Ningeweza kusema anashukuru. Nani angenisuta? Lakini nilitafsiri yote, bila kuacha kitu, kana kwamba nafanya mtihani.

Wengine waliruhusiwa kuvuna kwanza. Sisi tulipewa siku mbili, tuwe mfano kwa wenzetu. Lori likaja na watu wa wilayani, wakaezua paa, wakakata minyaa iliyozunguka boma, na mtama wetu ukabaki shambani ukiliwa na ndege. Mama alilia njia nzima.

Miezi ikapita. Siku moja, tukiwa nje ya kibanda chetu kipya, baba akisokota kamba ya katani, akaniuliza:

"Ng'wana wane, mwanangu, yule bwana alitaka nimjibu?"

"Hapana, baba."

"Nawe ulijua?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliuliza tu, akaendelea kusokota huku akisubiri. Kamba ikaisha, nami sijamjibu.