Kitambaa cha Krismasi cha Tyyne Karvonen

Niseme mapema: mimi na watu wa kanisa hatukuwahi kuiva chungu kimoja. Pale Pelkola, kijiji chetu cha machimbo ya shaba kaskazini mwa Michigan, sisi Wafini tulikuwa mafungu mawili, Wafini wa Kanisa na Wafini wa Ukumbi. Wa Ukumbi walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, maktaba yao, dansi na maigizo. Wa Kanisa waliona dansi ni dhambi, maigizo ni dhambi, na wale wakali zaidi waliona hata mapazia ya madirishani ni majivuno. Jirani yetu Tyyne Karvonen alikuwa wa hao wakali. Nyumbani kwake hapakuwa na pazia hata moja. Na huyo ndiye ninayemshukuru kuliko binadamu yeyote niliyepata kumjua.

Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Mumewe Eino alichimba shaba. Yeye alikamua ng'ombe, alilea watoto wake na kuwazika wawili. Sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke, iliungua mwaka niliozaliwa, basi kila Jumamosi walikuja kuogea kwetu. Wanaume kwanza, kisha sisi wanawake. Mama yangu, Saima Ojala, alikuwa wa Ukumbi mpaka kwenye mifupa, lakini ndani ya ule mvuke kulikuwa na sheria moja: habari za Kanisa na Ukumbi zinabaki nje na viatu. Utani ruksa, ugomvi hapana.

"Geuka, mpagani wewe," Tyyne alizoea kumwambia mama, ameshika fungu la matawi mabichi ya kuchapia mgongo ili jasho litoke.

"Chapa basi, mtakatifu. Mkono wenyewe kama wa kuku."

Halafu ikaja ile miaka ya serikali kuwaogopa wakomunisti, na kuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kulitosha kukutia mashakani. Watu wa Ukumbi wakaanza kuchoma vitabu vyao kwenye majiko ya sauna. Siku ya Jumanne unaona moshi kwa fulani, na kila mtu anajua hakuna anayeoga Jumanne. Ukumbi ukapigiliwa mbao. Watu waliocheza dansi pamoja ujana wao wote wakawa wanapishana dukani kama hawajuani. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, na nilishinda na hasira asubuhi mpaka jioni.

Mama akaitwa na watu wa uhamiaji. Hakuwahi kupata uraia. Kila alipoomba, waliuliza habari za Ukumbi na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Safari hii walikuwa na picha iliyokatwa kwenye gazeti la zamani. Ni yeye kabisa, ujana wake, amesimama jukwaani Ukumbini, mdomo wazi, ameinua bendera, na maneno ya chini ya picha yanasema ni nyekundu. Wakasema ule ni mkutano wa wakomunisti, na kwa hiyo arudishwe Ufini. Ufini aliyoiacha akiwa msichana. Kaburi la baba lilikuwa hapa. Mimi nilikuwa hapa.

"Ilikuwa igizo," mama alimwambia mwanasheria wetu.

"Nani atathibitisha?"

Hapo ndipo penye kazi. Mtu wa Ukumbi akisema, "Nilikuwepo," ataulizwa, "Na wewe je, ni mkomunisti?" Wengi wao hawakuwa na uraia pia. Watu wa Kanisa wangeaminiwa, lakini wote walikuwa wameapa kwamba hawajawahi kukanyaga mle ndani.

"Na bendera yenyewe ilitoka wapi?" mwanasheria akauliza.

"Sikumbuki," mama akasema.

Mama yangu! Mwanamke aliyekumbuka siku ya kuzaliwa ya kila ng'ombe wa kijiji. Nilimfokea njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi ile nilikaa benchi la chini la sauna. Tyyne alikuwa anamchapa mama mgongo, kisha mkono ukasimama.

"Saima. Ile bendera."

"Hayo hayasemwi humu."

"Ile ni kitambaa changu cha meza. Cha Krismasi."

"Nimeshasema sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Nilikuazima, nikaja kuangalia kama unakitunza."

Mama akageuka. "Ulikaa nyuma, karibu na mlango. Ulilia mpaka kamasi zikakutoka, Tyyne."

"Nilikuwa nalilia kitambaa changu."

Mama akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Watakutenga. Maisha yako yote yako pale kanisani."

"Na wewe wakikurudisha Ufini, mimi nitamchapa nani mgongo?"

Siku ya shauri alivaa nguo zake nyeusi za ibada. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea chumvi, kwa hiyo nilimtafsiria. Afisa alimuuliza kama yeye ni mkomunisti.

"Mimi ni mke wa Eino Karvonen na nimempokea Bwana," alisema. Kisha akafungua furushi alilobeba na kutandaza kile kitambaa chekundu juu ya karatasi zote za serikali. Kwenye pembe palikuwa na kiraka cha umbo la moyo, mahali mshumaa ulipopaunguza. Akaweka kidole kwenye kiraka, akaweka kingine kwenye picha. Afisa akaomba kioo cha kukuzia. Moyo ulikuwepo.

"Walikuwa wanafanya nini hapo?"

"Igizo la madobi waliogoma. Saima alikuwa dobi. Aliigiza vibaya, alisahau maneno."

Mama akatazama juu kama aliyetukanwa.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Kwetu ni dhambi, nami niliificha. Sasa nimeisema."

Baada ya majuma kadhaa wakatuandikia kwamba shauri limefutwa. Wale sikuwashukuru, na siwashukuru hata leo. Ingekuwa bendera ya kweli, ilimdhuru nani? Mwanamke aponee kwenye kiraka! Shukrani zangu zote nilimpa Tyyne.

Kwao mwenye dhambi husimama mbele ya wote, akatubu, nao wakamkumbatia shingoni na kumtangazia msamaha. Jumapili iliyofuata nilikwenda, mimi, binti wa Ukumbi, nikakaa nyuma karibu na mlango. Tyyne akasimama. Akasema alikwenda kutazama maigizo, kisha akaficha, na anaomba asamehewe.

"Na kile kitambaa ulichowaazima?" mhubiri akauliza.

"Kitambaa nilimwazima jirani yangu. Hicho sikiombei msamaha."

Wanawake wachache walimkumbatia. Wengine hawakumsalimu tena mpaka alipokufa, na alijua itakuwa hivyo kabla hajasimama.

Jumamosi akaja kuoga kama kawaida. Mama alikuwa ameoka mkate mtamu wa iliki, ameuacha nje upoe, na tangu asubuhi alikuwa anapanga maneno yake. Tulipokwisha kukaa kwenye mvuke akaanza, "Tyyne, nataka kukwambia..."

"Hayo hayasemwi humu," Tyyne akasema, akachovya matawi majini. "Geuka."

Mama akageuka. Basi nayasema mimi, huku nje. Asante, Tyyne.