Gunia la Frasila Tano

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya, ambako nilikaa chuo kikuu miaka kadhaa nikiwafundisha Wadachi, ndio Wajerumani, Kiswahili, nao wakinifundisha kujiona mtu wa maana. Dodoma nikapata ukarani katika kinu cha mvuke kilichosaga mtama, ili wajenzi wa reli wapate unga.

Wachukuzi walinichukia tangu siku ya kwanza. Mkubwa wao alikuwa mzee Mgogo wa upande wa Chamwino, mpagazi wa zamani. Kwenye misafara, mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, kama kilo thelathini na mbili. Uliozidi ulining'inizwa kwenye mti wa mpiko, wakabeba wawili. Hapa gunia lilikuwa frasila tano na mpiko ulipigwa marufuku. Mdachi mwenye kinu alisema watu wawili kwa gunia moja ni uvivu wenye shahidi. Mgongo wa mzee ulikuwa umeanza kugoma, naye akaambiwa: gunia likimshinda tena, aende zake.

Ningeweza kuomba mpiko urudishwe. Lakini kumwomba Mdachi kulihitaji ujasiri, na mimi nilikuwa na elimu tu. Nikawakusanya niwafundishe kunyanyua.

"Shikamoo, mzee," nilianza.

"Marahaba. Umewahi kubeba nini, wewe?"

"Vitabu," akadakia mwenzake. "Na hivyo alibebewa."

Wakacheka wote isipokuwa mzee. "Usitueleze, Bwana Karani. Tuonyeshe."

Nikapiga magoti, nikanyoosha mgongo, nikalikumbatia gunia. Liliinuka, hilo nitalisema mpaka nife. Kisha kitu kikalia kiunoni, nikajikuta chini, mweupe kwa unga, nikimwita mama.

Mwenye kinu alikuja mbio. Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza nani sasa atamwandikia barua zake. Kwa kuhofia nisije nikarudia somo, aliamuru kuanzia siku ile gunia libebwe na wawili, kwa mpiko.

Mzee akabaki kazini. Siku ya tatu alipita barazani nilipolala chali, ncha ya mpiko begani mwake, mwenzake nyuma, gunia likining'inia katikati. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu la unyenyekevu kwa shukrani zake.

"Mgongo wangu umelia tangu masika, hakuna aliyesikia," alisema bila kusimama. "Wako umelia mara moja, mpiko umerudi. Pona upesi, Bwana Karani. Ile ngazi ya ghalani nayo ni mbovu. Kaipande, uanguke."