Kichwa Kilichogeuka Kivukoni

Wiki ile Hirobe Tsunekichi hakukalika. Ungemkuta asubuhi karakanani amepiga goti juu ya mkeka wa tatami anaoushona, sindano ndefu mkononi, lakini ukirudi baada ya kikombe kimoja cha chai, sindano imechomekwa kwenye mkeka na fundi mwenyewe hayupo. Ameshatoka. Amekwenda tena hadi Sinema ya Kiraku, kule karibu na mnara, kulitazama bango alilolitazama jana na juzi, kana kwamba lingebadilika na kusema jambo jingine.

Bango lilisema Jumapili mchana. Picha ni *Theluji ya Kivuko cha Sagi*, mwongozaji Madarame Ippei, nyota wake Kuzuryu Hanshiro. Sinema bubu, ya enzi zile. Watu wote wa Osaka waliojiona wajuzi waliamini kwamba nakala zake ziliteketea kwa mabomu ya vita. Kumbe moja ilikuwa imelala salama huko shamba, ghalani kwa mtengeneza mchuzi wa soya, nyuma ya mapipa. Habari zilipofika mtaani wengine walipiga makofi. Tsunekichi hakupiga.

Sababu ni kwamba kwa karibu miaka thelathini yeye ndiye aliyejulikana mtaani kuwa peke yake aliyeiona, na mwisho wa picha ile alikuwa ameshausimulia kila mahali penye masikio. Hamamuni, kwa kinyozi, msibani. Ronini wa Kuzuryu, samurai asiye na bwana, anajeruhiwa, anatembea thelujini kuelekea mbali, ameapa kutorudi tena kwa Sayo, mwanamke anayemngoja kivukoni. Halafu, pale kila mtu alipokwisha kukata tamaa, anageuza kichwa. Anarudi.

"Anarudi!" Tsunekichi alikuwa akisema, na kila mara mkono wake ulipaa juu. "Madarame yule mwenye roho ya jiwe, mara moja tu maishani mwake akamwachia mtu arudi nyumbani!"

Kwa mapenzi ya sinema za zamani mtu huyu alikuwa mgonjwa, tusifichane. Angeweza kukueleza kwamba Kuzuryu hakupiga upanga ovyo kama hawa wa siku hizi wanaofyeka kama wanapalilia mpunga. Mwili wake ulitangulia kugeuka, macho yakabaki kwa adui kidogo, kisha nayo yakafuata, na huko kuchelewa kwa macho ndiko kulikowafanya wanawake wazirai vitini. Angekueleza kwamba Madarame aliweka kamera chini, usawa wa magoti, ukaiona dunia kama anavyoiona mtoto. Kuhusu Utagawa Suzuyo aliyecheza Sayo, alisema mwanamke yule aliweza kumimina chai tu ukajua kwamba ameachwa. Ungemsikiliza mpaka ukaomba udhuru, naye angekusindikiza hadi mlangoni huku akiendelea.

Aliiona picha ile utotoni, kwenye jumba moja kando ya mfereji, siku ambazo sinema hazikuwa na sauti na kila jumba liliajiri msimuliaji wake. Msimuliaji alisimama kando ya pazia akawa sauti ya wote, ya ronini na ya Sayo, ya farasi na ya upepo. Wa jumba lao alikuwa Rakugetsu, mtu wa kipepeo cha kujipepea na koti refu, na watu walikwenda kumsikia yeye kama walivyokwenda kumwona Kuzuryu. Sauti yake Tsunekichi aliibeba kifuani hadi utu uzima.

Mpinzani wake mtaani alikuwa Sakabe, muuza samaki. Naye alizipenda picha za Madarame, lakini alikuwa mdogo sana kuliko Tsunekichi. Alipozaliwa, sinema zilikuwa zimekwisha kujifunza kusema. Jumatano ile walikutana hamamuni, maji ya moto hadi shingoni, vitambaa vichwani.

"Mzee Hirobe," Sakabe akaanza, "hivi jamaa asipogeuka Jumapili, utahamia mtaa gani? Nikuazime mkokoteni mapema?"

"Utaazima wa kubebea aibu yako, wewe."

"Mimi nauliza kwa wema tu. Picha zote za Madarame tulizobakiwa nazo nimeziona. Kuna hata moja mtu karudi kwake? Yule hakuwa mwongozaji, alikuwa mchimba kaburi!"

Wazee wawili waliokuwa wakijisugua pembeni wakacheka. Tsunekichi akatoka majini, akarudi majini, akatoka tena.

"Muuza samaki hujui kitu. Mtu mgumu akilegea mara moja, hiyo mara moja ndiyo inayokumbukwa. Mimi nimeona kwa macho yangu haya! Kichwa kiligeuka!"

"Haya, mzee. Mwenye macho haambiwi tazama. Jumapili tutatazama wote."

Tsunekichi akaenda zake nywele zikichuruzika, fulana kaivaa nyuma mbele.

Lingekuwa ni suala la kushinda ubishi tu, angelala usingizi. Lakini kichwa kile kilikuwa kimebeba kitu kizito zaidi. Alipoitwa jeshini, mshenga aliwakutanisha yeye na binti mmoja kutoka Tanabe, aitwaye Kiyono, nyumbani kwa shangazi wa binti huyo. Waliketi, wakapewa chai, wakaachwa peke yao wazungumze. Kwa kukosa la kusema kijana fundi akamsimulia *Kivuko cha Sagi*, picha nzima, na alipofika mwisho akatoa kauli ambayo hata yeye hakujua kama anayo: "Kuzuryu aligeuka. Na mimi nitageuka. Ukiweza kunisubiri, nitarudi."

Kiyono akatazama kikombe chake, akasema, "Nimesikia." Wakaoana, naye akaondoka kabla hawajazoeana. Alikaa China miaka, kwenye matope na kuhara na mambo ambayo hakuyasimulia hamamuni wala popote, na kila alipotaka kulala chini asiamke alikiona kichwa kile kikigeuka thelujini, akainuka. Alirudi akaukuta mji ni majivu na mke wake yuko hai, kwenye kibanda cha mabati, akipika viazi vitamu. Sasa fikiria mwenyewe. Kama kichwa kile hakikugeuka, basi alimwoa mwanamke kwa ahadi iliyojengwa juu ya uongo na kumfungia miaka yake yote kwenye uongo huo. Hilo ndilo lililokuwa likimtoa karakanani.

"Baba Michie, kaa ule," Kiyono alimwambia Jumamosi. Michie ni binti yao, aliyeolewa Kobe.

"Si nimekaa?"

"Umekaa, miguu iko mlangoni."

Akala matonge mawili ya wali, akasukuma bakuli. "Kesho usije," akasema. "Kuna baridi. Na lile jumba viti vyake vinauma mgongo."

"Mgongo ni wangu," Kiyono akajibu, akaendelea kung'oa miiba ya samaki.

Jumapili jumba lilijaa. Wazee walikuja na matakia yao na machungwa, wakamenya mle ndani. Tsunekichi alikaa ukingoni mwa kiti, Kiyono kushoto kwake, Sakabe kulia, kwa makusudi. Meneja, kijana mwenye nywele za mabegani, alitoka akaeleza kwamba wasimuliaji hawapatikani siku hizi, kwa hiyo ameweka sahani ya santuri ya piano. Taa zikazimwa.

Kuzuryu alipotokea, kofia pana ya nyasi usoni, mkono kwenye mpini wa upanga, wazee wakapaza sauti kama walivyofanya ujanani. "Tulikungoja!" mmoja akaita kutoka nyuma. "Tulikungoja wewe!" Na Tsunekichi akaita kwa nguvu kuliko wote, sauti ikampasuka. Macho yalichelewa, kweli kabisa, vilevile alivyosema. Kamera ilikuwa chini, magotini. Suzuyo akamimina chai, na mama mmoja mbele akatoa leso. Hata Sakabe akanong'ona, "Mzee, ulisema kweli kuhusu ile chai." Lakini Tsunekichi hakumsikia, maana kila picha ilipopita masikio yake yalikuwa yakimtafuta Rakugetsu, na Rakugetsu hakuwapo. Midomo ya waigizaji ilifunguka ikafungwa bila neno. Alikuwa akifuta jasho ilhali wengine wamejifunika makoti.

Theluji ikaanza. Ronini akaumizwa, akaanza kutembea. Mgongo tu, mdogo, unazidi kuwa mdogo. Tsunekichi alikuwa ameshika mkono wa kiti hadi kidole kikafa ganzi.

Na kichwa kikageuka.

"Umeona!" Akampiga Sakabe paja kofi la nguvu, akasimama wima katikati ya watu. "Umeona! Nilisema nini mimi? Amegeuka!"

"Kaa chini, babu!" mtu akapiga kelele.

Hakukaa, kwa hiyo yaliyofuata aliyaona akiwa amesimama. Kichwa kiligeuka, macho yakachelewa yakafuata, yakatazama nyuma, kisha magoti yakakunjika. Kuzuryu Hanshiro akaanguka kifudifudi. Theluji ikaendelea kumshukia, muda mrefu, kamera ikiwa pale pale chini, mpaka koti likawa jeupe. Ikaja picha ya kivuko, na Sayo mbele ya moto. Kisha neno Mwisho.

Sehemu ile Tsunekichi hakuwahi kuiona maishani mwake. Palepale aliposimama akakumbuka alichokuwa amekisahau tangu utoto. Kichwa kilipogeuka, Rakugetsu alinyanyua kipepeo chake, akasema kwa sauti ya kutikisa paa, "Sayo, nimerudi!" na taa za jumba zikawaka. Zikawaka hapo hapo. Mashine ikazimwa, watu wakalia, wakaenda makwao na furaha yao. Rakugetsu aliwajua wateja wake. Yaliyobaki kwenye mkanda, ule mwanguko na ile theluji, hakuna mtoto wa mferejini aliyewahi kuyaonyeshwa.

"Mzee Hirobe," Sakabe akasema. Alikuwa na maneno tayari, wiki nzima ameyanoa, lakini alipomtazama uso yakamwishia. "Aligeuka lakini. Kugeuka aligeuka."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Tsunekichi akamwinamia kumuaga, akatoka.

Nje kulikuwa bado mchana, watu wanakula mishikaki ya kukaanga vibandani. Alitembea upesi, Kiyono nyuma yake akikokota viatu vya mbao. Akasimama, akaenda, akasimama.

"Mama Michie," akasema bila kumtazama. "Siku ile kwa shangazi yako. Nilikudanganya. Sikujua, lakini nilikudanganya. Rakugetsu alituwashia taa kabla jamaa hajaanguka. Hakurudi."

"Najua."

"Umeona leo."

"Niliona zamani. Picha ile ilifika na kwetu Tanabe. Nilikuwa nimepakatwa na shangazi. Sisi hawakutuwashia taa."

Tsunekichi akageuka mwili mzima. "Kwa hiyo nilivyokaa pale nakusimulia, na mkono wangu juu..."

"Nilijua unakosea. Nikasema, huyu kijana anakwenda vitani na anaamini mtu hurudi. Nimsahihishe ili iweje?"

"Ukaolewa na uongo, basi. Mimi nimekufunga na uongo."

"Nani kafungwa? Hebu niondokee hapa!" Kiyono alikuwa mtu wa maneno machache, na mpita njia mmoja akageuka kumwangalia. "Wewe ndiye uliyekwenda na matumaini, Baba Michie. Mimi nilibaki sina. Nilijua wanaume huanguka, nilimwona kwa macho yangu akianguka. Nikajua hivyo, na bado nikakungoja."

Miaka yote ile Tsunekichi alikuwa akidhani ni yeye aliyembeba mwanamke huyu kwa maneno yake.

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Uliniuliza lini?"

Picha ile alikuwa amemsimulia mke wake mara ngapi, wakati wa kula, wakati wa kukunja magodoro, kwenye treni ya kwenda arusini kwa Michie, na hata siku moja haikumpitia kichwani kumuuliza kama naye aliwahi kuiona. Alilia waziwazi, katikati ya njia, watu wakimpisha kushoto na kulia.

"Msimuliaji wenu," akasema alipoweza. "Pale alipoanguka. Alisemaje?"

"Alikuwa mwanamke. Mama mmoja mnene, sauti nzito kama ya mwanamume." Kiyono aliweka mkoba chini, akanyoosha mgongo, na sauti aliyoitoa Tsunekichi hakuwahi kuisikia kwake. "Yeye hakumsema ronini kabisa. Alisema, 'Huyu hatafika. Kivukoni hawajui. Sayo ameongeza kuni.'"

Tsunekichi akajifuta uso kwa leso yake ya kazi. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu Madarame na ile kamera ya chini. Akalimeza.

"Enhe," akasema. "Halafu?"