Koili ya Mwenyekiti

Tuliporudi mtaani West Indies, Eldoret, baada ya fujo za uchaguzi, ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa na vitu viwili vipya: kamati ya wapangaji, na fyuzi iliyokatika kila jioni watu wakipika. Kamati iliundwa ilete amani. Fyuzi iliipa kazi, kwa sababu amani yenyewe haikuwa na mengi ya kujadiliwa.

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu aliyevaa tai hata akienda chooni. Yeye hakukimbia wakati wa fujo, na jambo hilo alilitumia kama cheti. Sisi tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi wanne, bila mama. Baba alikuwa amefariki zamani. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili, nikapata kazi Kesses, kwenye kibanda cha fundi aliyetengeneza koili za wanafunzi wa chuo. Koili ni jiko la stima la maskini: tofali lenye mfereji, na ndani yake waya uliojikunja kama springi. Waya ukikatika, wengi hukata kipande kilichoungua, wakasokota ncha mbili pamoja na kuendelea kupika.

Katika ploti, koili zilikuwa tatu: yetu, ya nesi aliyekaa mlango wa pili, na ya mwenyekiti. Mama mwenye ploti alipoitisha mkutano, uchunguzi haukuchukua hata dakika mbili.

"Fyuzi ilianza kukatika lini?" mwenyekiti aliuliza, kisha akajijibu. "Hawa waliporudi. Na koili yao ina waya mrefu kuliko zote. Waya mrefu unakula stima nyingi, hata mtoto anajua. Yangu nimeipunguza mara nne, na chai inachemka kabla sijamaliza kuomba."

"Labda ni maombi yamepungua, Mzee," nesi alisema.

Watu walicheka, halafu wakaamua tuhame mwisho wa mwezi. Sikushangaa. Miezi michache kabla ya hapo, mtaa mzima ulijua nani mbaya bila kupima chochote.

Kuhama kulikuwa na maana moja. Mjomba wa Kisumu alikuwa tayari kuchukua wavulana wawili, na shangazi wa Moiben alimtaka msichana, akamsaidie kukamua ng'ombe. Mimi hakuna aliyenitaja. Mama yetu alitoka upande wa ziwa, Kisumu, baba alikuwa mtu wa hapa, kwa hiyo kila upande ulitupenda nusu. Chumba kile kimoja ndicho pekee kilichotuchukua sote.

Dada yangu mdogo alikuwa amefika kidato cha pili, pale nilipoachia. Nilimwomba kitabu chake cha fizikia. Kazini nilijua kwa macho kwamba koili iliyopunguzwa huwaka nyekundu kama nyanya na kufa mapema, lakini macho yangu hayangekubaliwa na kamati. Kitabu kilisema kwa mistari miwili tu: volti ukigawanya kwa ukinzani unapata ampea, na volti mara ampea ni nguvu, yaani wati. Dada alinisimamia kama mwalimu mkali.

"Umegawanya kichwa chini," aliniambia mara tatu.

Jumamosi niliazima kipimo cha fundi na kuwaita wote uani. Nilipima koili zikiwa baridi. Yetu ilikuwa na ukinzani wa omu hamsini na nane, ya nesi hamsini na tano. Ya mwenyekiti, ishirini na saba.

"Mnaona?" alisema mwenyekiti. "Yangu ndiyo ndogo!"

"Ni ukinzani ndio mdogo, Mzee. Kizuizi kikipungua, stima inapita kwa wingi. Volti za ukutani ni mia mbili arobaini, na hazibagui mlango. Gawanya kwa ishirini na saba: karibu ampea tisa. Zaidi ya wati elfu mbili. Yetu ni ampea nne na kidogo, wati kama elfu moja. Wewe peke yako unazidi sisi na nesi tukiwekwa pamoja."

"Hesabu ya mtu aliyeacha shule!"

"Mimi niliacha shule. Mia mbili arobaini haikuacha."

Mama mwenye ploti hakucheka. "Fyuzi ni ya ngapi?"

"Kumi na tano, Mama. Zote tatu zikiwaka ni zaidi ya kumi na saba. Yake ikiwekwa waya mzima, hatufiki kumi na tatu."

"Weka."

Niliweka waya mpya huku mwenyekiti akiangalia kama mtu anayenyolewa kwa lazima. Koili tatu zikawashwa. Nesi alipika ugali, sisi tukapika maharagwe, na ploti nzima ilisimama ikitazama sanduku la fyuzi. Maharagwe, kama mnavyoyajua, hayana haraka. Yaliiva. Fyuzi haikukatika.

Kamati haikuomba radhi. Iliandika kwamba tatizo la fyuzi "limetatuliwa na uongozi". Mwenyekiti aliendelea kulalamika kwamba chai yake inachelewa, na kwamba stima ya Eldoret imeharibika tangu watu warudi. Mama mwenye ploti aliniambia, bila kunitazama, "Kaeni."

Niliingia ndani na kuwaambia wadogo zangu watoe nguo kwenye mifuko. Kitindamimba alikataa. Alisema atatoa zake akishashiba.