Mama Mkwe Mbele ya Kompyuta

Nehemiah Shitanda wa Lurambi alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Mwaka wa 1998 watafiti walileta kompyuta katika hospitali ndogo ya misheni, wapime ni kipi kinachomfungua mgonjwa kinywa zaidi: karatasi au mashine. Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alichota kizibo kimoja cha soda kwenye mfuko bila kutazama. Cheupe, alijaza karatasi nyuma ya pazia na muuguzi Roda. Chekundu, aliketi kando ya Shitanda, naye akamsomea maswali na kumbonyezea majibu.

Asubuhi hiyo ya mvua, mkono uliotoka na kizibo chekundu ulikuwa wa Pascalia, mama wa mkewe.

Shitanda aliinuka, akarudi nyuma hadi ukutani. Tangu aoe, kwa mwiko wa ukwe, hakuwahi kumpa mkono mama huyo wala kula naye. Wakikutana njia ya Iguhu, mmoja alijitosa kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Sasa viti vyao viligusana.

Na alijua jambo ambalo hakupaswa kulijua. Alfajiri mkewe, Dorothy, alimnong'oneza: "Mama bado anavuja damu tangu upasuaji. Anaficha vitambaa, anataka kurudi kupalilia. Ameniapisha nisiseme." Mwanamume hatamki habari za tumbo la mkwewe, hata kwa daktari. Lakini swali la saba liliuliza hilo hasa. Mama akidanganya, angepanda gari la kwake Iguhu na pengine asifike.

"Roda, mchukue wewe."

"Chekundu ni chako. Nikimchukua, yule bwana wa utafiti atanila mbichi."

Pascalia alimgeukia Roda, akimtaja mkwewe kwa jina la mtoto wake. "Mwambie Baba Edah nimepona. Abonyeze kwamba ni sawa kote, niende."

"Kwani mimi ni posta? Si huyo hapo anakusikia!"

"Wewe mwambie tu."

Shitanda angeweza kubonyeza, mambo yakaisha. Badala yake aligeuza kiti, akaipa mashine mgongo, uso ukutani. Maswali alikuwa nayo kichwani.

"Mwambie mama kitufe cha kushoto ni ndiyo, cha kulia ni hapana. Abonyeze mwenyewe. Mimi sioni."

Akauliza la kwanza, la pili. Mashine ililia kwa kila jibu, upesi upesi, kama kuku anayedonoa. Akafika la saba.

"Je, bado unatokwa na damu?"

Mashine haikulia. Mvua ilipiga mabati. Kiti kilikwaruza sakafu nyuma yake. Hakugeuka.

"Kuulizwa haya, tena na mkwe," Pascalia alinong'ona.

"Mimi ni ukuta, mama."

Ukiacha maswali ya mashine, hakuwahi kumwambia neno moja kwa moja kabla ya hayo.

Mashine ikalia.

"Roda," alisema, "njoo usome wewe."

Roda aliinama kwenye kioo: ndiyo. Kisha akakitazama kiti, na leso ya Pascalia iliyolowa damu. "Mama, usisimame! Leteni machela!"

Shitanda aliendelea kuutazama ukuta mpaka magurudumu ya machela yakanyamaza mwisho wa korido. Kabla ya adhuhuri Pascalia alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji.

Watafiti waliondoka na mashine yao. Mwezi wa Desemba sufuria ililetwa Lurambi kutoka Iguhu, imefungwa kwa kitambaa: ingokho, kuku mzima, na juu yake firigisi, kipande cha mgeni wa heshima. Aliyeileta hakusema imetumwa na nani. Shitanda alikula firigisi polepole, kisha akaiosha sufuria mwenyewe na kuirudisha, naye pia bila neno.