Mashemeji Wawili, Kamba Moja

Umande haujakauka juu ya turubai, na mzee wanayemwita Shemeji tayari yuko kileleni mwa lori la magodoro, miguu peku, kamba begani. Anakunja ncha, anaitupa upande wa kushoto, anasubiri. Chini kamba inadakwa. Hakuna neno.

"Imefika?" anauliza.

Kamba inavutwa kwa nguvu, kama mtu anayetoa ndoo iliyozama kisimani. Ndilo jibu.

"Nyie ni wafunga mizigo au wake wenza?" anauliza dereva, mswaki mdomoni.

Makuli wanaangua kicheko. Shemeji hacheki. Anashuka upande wa kulia, anakofunga yeye na wenzake wa upande huu wa daraja la mpakani. Kushoto wanafunga watu wa nchi jirani, wakiongozwa na bwana mmoja mwenye shingo nene wanayemwita Chuma. Lori moja, mzigo mmoja, vikundi viwili visivyosemeshana.

Chuma ni kaka wa marehemu mke wa Shemeji.

Kwa miaka mingi watu hawa hawakuwa na haja ya kufanya kazi pamoja. Nchi jirani haimo ndani ya jumuiya ya kibiashara ambayo nchi ya huku imo, kwa hiyo kila lori lilifunguliwa upande huu, likakaguliwa, likafungwa. Likivuka daraja, linafunguliwa tena, linakaguliwa tena, linafungwa tena. Mzigo uleule, kama mtoto anayeogeshwa na mama kisha bibi naye haamini. Ulikuwa usumbufu, lakini kila upande ulikuwa na wafungaji wake, na wote walikula.

Sasa jumuiya na nchi jirani zimetiliana saini mkataba. Ukaguzi ni mmoja, katika uwanja mmoja wa pamoja uliojengwa mdomoni mwa daraja. Siku ya kuufungua lilitandikwa zulia, na wakubwa walipeana mikono mpaka wapiga picha wakachoka. Aliyefikiria kwamba ukaguzi ukiwa mmoja na kufunga kutakuwa kumoja, hakuwepo. Au alikuwepo, akaona si mahali pake kusema.

"Walituambia soko litapanuka," anasema Shemeji, akijifuta jasho kwa kola ya shati. "Sikatai, limepanuka. Mimi ndiye niliyepungua. Zamani tunafunga malori sita kwa siku, peke yetu. Leo nikipata matatu namshukuru Mungu, na hela yake tunagawana huku na kule."

Vikundi vyote viwili vilipewa miezi mitatu ya majaribio. Wakiweza kufanya kazi kama kikundi kimoja, wanabaki. Wakishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni ya mjini yenye mikanda ya kukazwa kwa mashine. Watu wa kampuni wamekwisha kuja kupima uwanja. Walivaa kofia ngumu na hawakumsalimia mtu.

Kwa wengine hapo ni suala la ugali wa watoto. Kwa Shemeji kuna zaidi. Kitambulisho cha uwanjani, kile kikaratasi cha plastiki kinachoning'inia shingoni, ndicho kitu pekee kinachomruhusu mtu wa huku akutane na mtu wa kule bila pasi. Mkataba ni wa mizigo. Habari ya watu, wakubwa wanasema, bado iko mezani. Akinyang'anywa kitambulisho, Shemeji anapoteza mlango wa mwisho wa kwenda kwa wakwe zake, na binti yake, mtoto wa pekee, anapoteza nusu ya ukoo.

Jina lenyewe alilipata ujanani. Siku hizo daraja lilikuwa na askari mmoja na kamba ya katani, na pasi ilikuwa ni kusalimia vizuri. Upande wa pili kulikuwa na msichana aliyeketi kwenye debe akishona turubai zilizochanika, sindano yake ndefu kama kidole cha kati. Kijana alianza kupeleka turubai zisizochanika.

"Alinikagua tu akajua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso unalegea. "Akaniambia, kaka, hii haina tundu. Nikamwambia, basi ichane wewe."

Walioana. Tangu hapo nchi nzima ya kule ikawa inamwita Shemeji, mpaka maofisa wa forodha. Chuma ndiye aliyekuwa mtani wake mkubwa. Waliitana mwizi: huyu kwa kumwibia dada, yule kwa kumwibia sigara.

Kisha, binti yao angali mdogo, ukaja ugomvi wa mayai.

Jumuiya ilizuia mayai ya nchi jirani, ikisema yana ugonjwa. Nchi jirani ikajibu kwa kufunga daraja. Wakubwa wa pande zote walikaa kwenye televisheni wakitoleana maneno makali, na mayai yao nyumbani wanakaangiwa. Ilikuwa katika wiki hizo ambapo mke wa Shemeji alipata kichomi, akalazwa, na siku ya tatu akafariki.

Chuma na mama yake walifika upande wa pili wa daraja. Waliambiwa amri ni amri. Walituma ujumbe kwa simu: msimzike, tungojeeni. Shemeji alingoja siku moja, akangoja ya pili. Ya tatu akazika. Wiki iliyofuata wakubwa walipigiana simu, wakacheka, daraja likafunguliwa, safari hii kwa wenye pasi tu. Hakuna aliyeuliza katika siku hizo za mayai nani alikufa.

"Hakumzika dada yangu," Chuma aliwahi kuwaambia makuli wenzake, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka uwanja. "Alimfukia. Mtu anayezika mkewe ndugu wakiwa darajani, huyo anafukia."

Maneno hayo yalifika. Na toka hapo shemeji na shemeji hawakusemeshana, hata wakubwa walipowaweka kwenye lori moja bila kuwauliza.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Walichofanya ni kuligawa lori katikati. Kulia wa huku, kushoto wa kule. Wa huku huanza kufunga nyuma ya kichwa cha gari na kumalizia mkiani kwa fundo la kuteleza, linalofunguka kwa mvuto mmoja. Wa kule huanza mkiani na kumalizia mbele kwa fundo butu, ambalo ukitaka kulifungua ulete subira au kisu. Kila kikundi kilifunga upande wake kama walivyofundishwa na baba zao, na kila mmoja alijiona yuko sawa.

Kosa ni kwamba wakaguzi wa barabarani husoma mafundo. Wameyazoea miaka yote: lori lenye fundo hili limetoka huku, lenye fundo lile limetoka kule. Lori lenye fundo la huku ubavu mmoja na la kule ubavu wa pili, kwa macho yao, limefunguliwa njiani na wezi.

Malori mengine yalikuwa yakicheleweshwa kisha yakaachiwa; lile la magodoro lililoondoka asubuhi ile lilisimamishwa kabla halijafika mbali. Mkaguzi akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akaamuru mzigo wote ushushwe. Mvua ikaamua nayo ije ikague.

Kesho yake dereva alirudi uwanjani, bila mswaki na bila mzaha.

"Magodoro yamekunywa maji kuliko ngamia!" alifoka. "Yanauzwa kwa nani sasa, samaki?"

Msimamizi wa uwanja, mwanamke mwenye sauti ya chini inayotisha kuliko kelele, aliwaita viongozi wawili wa vikundi.

"Mzee wangu," alimwambia Shemeji. Kisha akamgeukia Chuma: "Nawe kaka. Mimi sijui ugomvi wenu na sitaki kuujua. Majaribio yanaisha wiki ijayo. Lori lingine likirudi hivi, naita kampuni siku hiyohiyo."

Akawaacha wamesimama nyuma ya lori, mbele ya godoro moja lililolowa, linalotiririka maji kama linalia. Yaliyosemwa hapo Shemeji ameyasimulia bila kuficha, na Chuma, alipoulizwa, alisema ndivyo ilivyokuwa, ila yeye hakupaza sauti. Makuli wanasema alipaza.

"Fundo lako hilo," Chuma alianza, "linateleza kama ahadi zako."

"Na lako linangojewa kisu. Mzigo wa watu si mbuzi."

"Angalau langu linangoja. Wewe hujui kungoja."

Shemeji akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake.

"Chumba cha maiti hakikuwa na umeme."

"Nini?"

"Umeme ulikatika siku aliyofariki. Jenereta lipo, mafuta hayapo. Mganga mkuu anasema amekwisha kuandika barua. Nilinunua barafu ya kwenye vibanda vya soda, nikabeba kwa ndoo, nikamwekea. Siku ya pili barafu ikaisha mjini. Sasa niambie, Chuma. Ningemngojesha dada yako mpaka awe nani?"

"Mbona hukusema?" aliuliza Chuma.

"Ningemwambia nani? Daraja? Ningempigia mama yako simu nimwambie mwanao ameanza kuharibika, kisa mayai?"

Makuli waliokuwa wanajifanya kuhesabu magunia waliacha kujifanya. Mmoja anakumbuka kwamba Chuma alikaa juu ya lile godoro lililolowa bila kujali suruali, akashika kichwa.

"Miaka yote hii nakutukana," alisema hatimaye.

"Najua. Nilikuwa nasikia."

"Na hukujibu."

"Ningekujibu, ungeacha. Nilikuwa nakutaka uendelee kunitaja. Hata kwa matusi, mtu wa kwenu alikuwa bado ananitaja."

Hawakukumbatiana. Wanaume wale si wa kukumbatiana. Chuma alisimama, suruali imeganda nyuma, akaokota kamba, akauliza tutafungaje. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Wa huku wakasema baba yangu alifunga hivi, wa kule wakasema baba yangu naye hakuwa mjinga. Mwisho wakaafikiana: lori zima lianzwe mbele, kwa mtindo wa huku, na limalizwe mkiani kwa fundo butu la kule, pande zote mbili sawasawa. Fundo la mwisho lishikwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, ili likilegea wasitupiane lawama. Msimamizi alilipiga picha kwa simu yake na kuituma kwa wakaguzi wa barabara zote mbili, huku na kule. Hapakuwa na zulia, wala mkubwa aliyefika.

Wiki ya mwisho haikuwa na lori lililorudi. Siku majaribio yalipokwisha, msimamizi aliwakusanya kivulini mwa ghala, akatangaza kwamba kikundi kimepewa mwaka mmoja.

"Kampuni je?" aliuliza kuli mmoja.

"Kampuni ipo," alisema msimamizi. "Inasubiri mkosee."

"Basi itazeekea hapo," alisema Chuma, na watu wakacheka, Shemeji akiwemo.

Hata hivyo Shemeji hajilaghai. Anajua mwaka waliopewa na mtu mwenye kalamu unaweza kufutwa na mwingine mwenye kalamu, akiwa amekaa mbali, hajawahi kushika kamba. "Kesho wakigombana tena, sijui safari hii itakuwa mayai au chumvi, watafunga," anasema. "Wao wakifunga daraja, jioni wanakula. Mimi mke wangu hakurudi. Nawasamehe vipi, na hawajaja hata kuomba?"

Anachopanga ni kidogo, nacho kiko ndani ya uwezo wake. Mama mkwe wake ni mzee sana sasa. Pasi ya kuvuka hana, na wa kumpa hajaonekana. Kaburi la mwanawe hajaliona. Ila msimamizi amekubali kwamba jamaa za wafanyakazi wanaweza kuingia uwanjani Jumapili mchana, malori yakipumzika, kila mmoja kwa lango la nchi yake. Chuma atamleta mama yake mgongoni ikibidi. Shemeji atamleta binti yake, ambaye sasa ndiye anayeshona turubai za uwanja mzima, na ambaye bibi yake alimwona mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto.

"Atanikumbuka?" binti aliuliza, baba yake alipompa habari.

"Utafika, utamwamkia, mengine mwachie yeye."

Na kaburi je? Shemeji anakung'uta vumbi kwenye kiti cha plastiki alichokiazima ofisini, anakijaribu kwa mkono kama kina mguu mbovu, anakiweka penye kivuli, katikati ya uwanja, hatua chache kutoka kila lango.

"Kaburi limeshajifunza kungoja," anasema. "Bibi hana muda huo. Jumapili hii aanze na mtoto."