Kurasa Alizozishona Saloma

"Anazishona," alisema Drusilla, akibana shuka kwenye kamba. "Kurasa za vitabu vyake. Kabla hajakuazima anachukua uzi na sindano, anazishona. Wanasema ni zile zinazoeleza namna ya kushika mimba. Yeye hakushika, basi na mwingine asishike."

"Mimi nimeshashika na nimeshazaa," alisema Malinda.

"Ndiyo maana nakwambia. Ungekuwa bado ningenyamaza, nisije nikakutia wasiwasi bure."

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua, na Drusilla alikuwa amevuka barabara kuja kumwanikia nguo kwa sababu mtoto alikuwa na wiki tatu tu. Yeye mwenyewe ana watoto tisa, na kamba yake ilikuwa imejaa tangu saa moja asubuhi, suruali zimepangwa kwa urefu kuanzia ya baba mpaka ya kitinda mimba, ili apitaye aone. Malinda alimpa kibanio kingine. Hakutaka kusema kwamba kitabu kimoja cha Saloma kilikuwa ndani, chini ya kikapu cha nepi, na kwamba kurasa nane za katikati zilikuwa zimeshonwa kweli.

Katika njia ile wako akina Saloma wanne, kwa hiyo huyu huitwa Saloma wa Enos, ingawa Enos, mumewe, amefariki miaka kumi na mmoja sasa. Ana miaka sitini na miwili. Anaishi katika nyumba ndogo nyuma ya shamba la shemeji yake, anashona mifarishi ya vipande vya kitambaa, na sebuleni ana kabati la vioo ambamo mwingine angepanga sahani zake za harusi. Yeye amepanga vitabu arobaini na kitu, vyote vya kushika mimba, kuibeba, kuzaa na kunyonyesha. Alivinunua kwa posta, kimoja kimoja, katika ile miaka kumi na sita aliyokuwa akingoja mtoto ambaye hakuja. Alipofikisha miaka arobaini na sita alivibeba nje avichome. Alikuwa anatafuta kiberiti wakati bibi arusi mmoja alipofika na kuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuazima kimoja. Saloma akavirudisha ndani. Tangu hapo kila bibi arusi wa pale hupita kwake walau mara moja, kwa mlango wa nyuma, mkononi ana sahani ya pai ili aonekane amepeleka pai.

Ndani ya kila jalada amebandika karatasi yenye maoni yake, kwa penseli. Malinda, aliyemaliza darasa la nane na kuacha shule kama kila mtu wa kanisa lao, alizipenda karatasi zile kuliko vitabu. Kwenye kitabu kinene cha daktari iliandikwa: *Mwandishi ni mwanamume na anajua mengi. Sura ya tano amechoka. Iruke.* Kwenye kingine chenye jalada la maua: *Huyu anasema mama alale saa mbili kila mchana. Hasemi nani akamue ng'ombe.* Kwenye kile cha chai na mitishamba ya kuleta mimba: *Nimefuata yote miaka minne. Chai ni tamu.* Na kwenye kimoja chembamba, ambacho Malinda alikisoma mwaka mzima kabla ya kushika mimba, akikificha hata Reuben mumewe asikione: *Kitabu hiki kinaahidi. Mimi nimesoma mara tatu. Mara ya tatu sikulia.*

Kitabu alichokuwa nacho sasa kilikuwa cha kunyonyesha. Karatasi yake ilikuwa na maneno machache kuliko zote: *Wanaojua wanasema ni kizuri. Mimi sijui.*

Jumanne mkunga alikuja. Noreen ni mtu wa mjini, ana gari, na huwahudumia wanawake wa njia zote tatu. Alimfunga mtoto katika kitambaa, akamning'iniza kwenye ndoano ya mizani, akasoma, akasubiri atulie, akasoma tena. Kezia, ndilo jina la mtoto, alizaliwa na ratili saba na wakia sita. Sasa alikuwa na ratili saba kamili.

"Nionyeshe anavyonyonya," alisema Noreen.

Malinda akamweka mtoto kifuani. Noreen akamsogeza kwa mkono wake, akamgeuza kidogo, na mtoto akashika vizuri. Alikuwa akifanya hivyo kila mara Noreen akiwapo. Noreen akiondoka, ziwa lilimponyoka, akalishika kwa ncha, na Malinda akawa anauma kona ya aproni kwa maumivu huku mtoto akisinzia na njaa yake.

"Si una kile kitabu cha Saloma? Zile picha umeziangalia? Zinaonyesha hatua kwa hatua. Mimi siwezi kukaa hapa kutwa."

"Ndiyo," alisema Malinda.

Halikuwa jibu la kweli, na yeye si mtu wa kudanganya. Lilimtoka tu.

"Basi uziangalie tena. Narudi Ijumaa. Asipoongezeka, tunampeleka mjini kwa daktari, na nadhani wataanza chupa." Noreen aliuona uso wake ukibadilika. "Chupa si dhambi, Malinda. Lakini nakujua, hutaki."

Hakutaka. Mama yake mwenyewe alikauka maziwa kwa mtoto wa kwanza, na hakupata kunyonyesha hata mmoja kati ya saba waliofuata. Alikuwa akisema mara zote kwamba mwili ulikuwa umeshazoea kushindwa. Malinda aliyajua maneno hayo kama anavyoujua wimbo wa kanisani.

Jumatano alimfunga mtoto vizuri, akachukua kitabu, akatembea hadi kwa Saloma. Alikusudia kukirudisha. Kama kina kurasa asizoruhusiwa kuzisoma, alifikiri, afadhali kisiwe nyumbani kwake kikimtazama.

Saloma alikuwa mezani kwenye fremu ya kushonea, mfarishi wa buluu umetandazwa mbele yake.

"Umekimaliza upesi," alisema.

"Nimesoma mpaka pale ulipofunga."

"Na baada ya pale?"

"Baada ya pale pia. Ila zile za katikati sikuzisoma."

Saloma aliinua macho. "Kwa nini?"

"Umezishona."

"Nimezipiga bandi. Ulitazama uzi? Bandi, tena ndefu kama kidole. Wewe hujui kazi ya bandi?"

"Najua. Ni ya kufumuliwa."

"Haya."

"Nilifikiri nimekatazwa."

"Na nani?"

Malinda alitazama sakafu. "Na wewe."

Saloma aliichomeka sindano kwenye mto wake. Akaeleza, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo alilodhani linajulikana. Miaka sita iliyopita mume wa mtu alifungua kitabu mezani akakutana na picha ya mwanamke anazaa. Shemasi wa kanisa akaja, akanywa kahawa, halafu akasema vitabu vinaweza kubaki lakini picha za watu wasio na nguo zisilale wazi nyumbani mwa mtu. Saloma akamuuliza, zikifungwa? Shemasi akasema zikifungwa hana neno.

"Alikuwa na maana nizikate. Nikachukua sindano. Kila mwanamke hapa anajua bandi, nikasema watafumua, watasoma, watapiga tena bandi kabla ya kurudisha. Na vilirudi vimeshonwa, kila kimoja. Mimi nikawa nawasifu moyoni. Nikasema hawa wasichana wana mikono mizuri."

 Akainuka, akafungua kabati, akatoa vitabu sita au saba, akavigeuza kimoja kimoja akiangalia pembe ya chini ambapo uzi huishia. Yeye hufunga fundo lake mara mbili, la pili likizunguka la kwanza. Alifundishwa na bibi yake, na hakuna mwingine anayelifunga hivyo.

"Langu," alisema. Akachukua kingine. "Langu. Hili pia langu."

Cha mwisho nacho kilikuwa na fundo lake. Alivirudisha kabatini kwa mpangilio uleule, akifuta vumbi lisilokuwapo.

"Miaka sita," alisema, mgongo umegeuka. "Hakuna hata mmoja aliyefumua."

"Drusilla anasema unazishona ili..."

"Najua Drusilla anavyosema. Drusilla hajawahi kuazima kitabu, hana nafasi, kila mwaka yuko kitandani anazaa." Akageuka. "Mtoto ana uzito gani?"

Malinda akamwambia. Akamwambia na habari ya Ijumaa. Halafu, bila kuulizwa, akamwambia habari za mama yake.

"Mama yako hakupewa picha," alisema Saloma. Akachukua kitabu, akakamata fundo kwa kucha, akalikata kwa mkasi, akauvuta uzi. Ulitoka wote kwa mara moja, na kurasa nane zikafunguka.

Zilikuwa picha kumi na mbili, ziwa la mwanamke na kinywa cha mtoto, kutoka pembeni, kutoka juu. Kinywa wazi kama anapiga mwayo. Kidevu kwanza. Chuchu ikielekea juu, si katikati. Malinda aliziangalia kwa muda bila kugusa.

"Kaa hapo," alisema Saloma. "Mimi sijawahi kunyonyesha, siwezi kukuwekea mkono nikajifanya najua. Nitakushikia kitabu."

Akakishika mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyoshikiwa mtu kitabu cha nyimbo. Mara ya kwanza mtoto aliponyoka. Ya pili akalia. Ya tatu Malinda aliuma meno, na Saloma akasema, "Ukurasa huu wanasema ukiumia mtoe, uanze upya," na Malinda akamtoa, akaanza upya. Mara ya nne kidevu kilizama kwanza. Maumivu hayakuja. Baada ya muda mfupi walisikia wote wawili mtoto akimeza, sauti ndogo, halafu nyingine.

Saloma hakushusha kitabu mpaka mtoto alipoachia mwenyewe.

Ijumaa Noreen alisoma mizani mara mbili kama kawaida yake. Ratili saba na wakia nne. "Endelea hivyo hivyo," alisema, akafungasha vitu vyake akaenda kwa mwingine, na habari ya mjini haikutajwa.

Jumamosi asubuhi Saloma alikuja kwa miguu, kwa mlango wa mbele, bila sahani ya pai. Drusilla, ng'ambo ya barabara, aliacha kufagia. Saloma aliketi jikoni, akamtazama mtoto kwa muda, hakuomba kumbeba. Kitabu alikiweka mezani. Ile karatasi yake ya ndani ilikuwa imebanduliwa, na mahali pake pamebandikwa nyingine, nyeupe, isiyoandikwa kitu. Kurasa nane zilikuwa zimepigwa bandi upya, kwa uzi mwekundu safari hii.

"Jumatatu binti wa shemasi anakuja kukichukua," alisema. "Ana mimba ya miezi minane. Hatafumua. Mama yake atamwambia asifumue, na mimi nikimwambia afumue atadhani namjaribu."

Akatoa penseli mfukoni, akaiweka juu ya jalada.

"Kwenye karatasi yangu niliandika kwamba sijui, na ilikuwa kweli. Nakuomba uandike wewe. Andika ulichokiona. Andika kwamba ulifumua, na uweke jina lako chini, lote, wajue ni nani."